Kadi ya Kahawa Mbivu

Watu wakisikia kwamba nimeikasirikia rangi, hucheka. Wacheke. Hasira yangu ni ya kweli na ina sababu, na sababu yenyewe ni kadi ndogo ya ukubwa wa kiganja, yenye miraba mitano, ambayo niliitengeneza mimi mwenyewe Jinja, ikapanda hadi Wanale kumwambia mama yangu kwamba macho yake hayafai tena.

Mama ni mtu wa Wanale, mlima ulio juu ya mji wa Mbale. Baba alikuwa askari wa magereza kutoka kaskazini, akahamishiwa Mbale, akamwona mama sokoni, na mengine wanayajua wao wawili. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumba yetu ya askari ilizungumza Kiswahili, kile cha kambini, cha "wewe kuja hapa" na "mimi nasema nyamaza". Wenzangu wa shule walikiogopa, maana wazazi wao walikuwa bado wanakumbuka wanajeshi waliokizungumza kwenye vizuizi vya barabarani. Mimi ndicho nilichobembelezwa nacho. Baadaye nilikisafisha kidogo huku Jinja, kwa kuishi na Waislamu wa mjini na kwa wateja kutoka Kenya, lakini nikipandwa na hasira kile cha kambini hurudi chenyewe.

Baba alipofariki, mama alirudi kwao, kwenye kahawa ya wazazi wake chini ya mwamba mkubwa wa mlima huo. Ningependa mngemwona akichuma. Haangalii. Anakuelekea wewe, anakuuliza umekula nini, anamsema jirani, na huku mkono wake umeingia kwenye majani na kutoka na matunda mekundu matupu, bila la kijani hata moja. Nilipokuwa mdogo aliniwekea tunda moja kiganjani akaniambia, "Hii jana ilikuwa bado. Kesho imepita. Leo ndiyo." Kisha akalitupa kwenye kikapu na kuendelea na habari za jirani. Kwenye kituo cha kununulia kahawa, karani wa zamani alikuwa hakikagui kikapu chake. Alikuwa anakipeleka moja kwa moja kwenye mzani, na wanawake wengine walikuwa wananung'unika kwamba anapendelewa.

Sasa nije kwenye kazi yangu, nijaribu kueleza bila kutukana mtu.

Natengeneza vitu vya kuchapwa: mabango, kalenda, kadi za harusi, vitabu vya mazishi. Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, na sisi tunaiita RGB. Unaongeza mwanga juu ya mwanga, rangi inazidi kung'aa. Karatasi haina mwanga wake. Karatasi inapakwa wino nne, sayani, majenta, njano na nyeusi, ndiyo CMYK, na kila wino unaouongeza unaizima zaidi. Kuna rangi za kioo ambazo wino hauna, hata ulie machozi. Na programu ya kompyuta, ukiiambia ibadilishe kutoka huku kwenda kule, haikwambii, "Samahani dada, hii sina." Inachukua inayokaribiana, inakuwekea, inanyamaza. Ndiyo maana gomesi, lile gauni refu la sherehe, ikiwa ya bluu kali hutoka ya zambarau kwenye kalenda ya familia, na mwenye gomesi anakuja dukani kutuuliza kama sisi ni vipofu.

Anayefanya kazi hii kwa heshima anazibadilisha rangi mapema, anakaa nazo, anapunguza huku na kuongeza huku kwa mkono, anachapa karatasi moja ya majaribio, anaipeleka nje kwenye jua na kuiangalia. Sisi hatufanyi hivyo. Hapa kwetu kazi inatengenezwa yote kwa rangi za kioo kwa sababu zinapendeza, mteja anatumiwa picha kwenye simu, anajibu kwa kidole gumba kilichosimama, na dakika ya mwisho kabla ya kuchapa tunabonyeza mahali pamoja, kila kitu kinageuzwa kwa mkupuo. Kidole gumba ndiyo idhini. Mteja ameidhinisha mwanga, sisi tunampa wino, halafu kila mtu anashangaa.

Mwajiri wangu, ambaye wote tunamwita Haji, ni mtu mzuri wa kuchosha. Anaamini kwamba mashine iliyonunuliwa kwa bei kubwa ina akili kuliko mtu aliyeajiriwa kwa bei ndogo. Siku ile ilikuwa Ijumaa. Afisa wa kampuni moja ya kununua kahawa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja tangu asubuhi, na gari lake lilikuwa nje likisubiri kwenda Mbale. Alitaka kadi mia kadhaa za kupeleka kwenye vituo vya mlimani. Miraba mitano: kijani, njano, rangi ya chungwa, nyekundu ya kahawa iliyoiva sawasawa, na nyekundu iliyokolea ya kahawa iliyopitiliza. Karani angeiweka juu ya kikapu, na mjadala ungekwisha. Wazo lenyewe silitukani. Lilikuwa wazo zuri.

Nilichukua nyekundu kwenye picha aliyokuja nayo. Nikamtumia kwenye simu, hapo hapo alipokaa, hatua mbili kutoka kwangu.

"Dada, ongeza kidogo," akasema. "Iwake."

Nikaongeza. Simu yake ilikuwa kubwa, mpya, na mwanga wake ameupandisha hadi mwisho, kama watu wenye simu mpya wanavyofanya. Akaitazama, akatabasamu, akaninyooshea kidole gumba cha nyama, hata hakukituma.

"Tuchape moja kwanza tuione kwenye jua," nikasema.

Haji alikuwa ameshavaa kofia yake ya msikitini. "Binti, huyu bwana ana safari, na mimi nina swala. Bonyeza."

Nikabonyeza. Na hapa ndipo panaponiuma, kwa hiyo nitapasema wazi. Niliona. Ile nyekundu ilianguka mbele ya macho yangu. Ilikuwa inawaka, ikazima, ikawa kama damu iliyokauka kwenye bandeji. Nilipoifungua kuangalia ndani, programu ilikuwa imeitia sayani na nyeusi kidogo, na sayani ndani ya nyekundu ni uchafu, inaivuta kwenye kahawia. Kuiondoa ilikuwa kazi ya dakika tano. Ningesema tu, "Haji, nenda swala, utanikuta." Lakini nilikuwa nimeshasema mara moja nikapuuzwa, na mimi nikipuuzwa nina ugonjwa wa kuwaacha watu wapate walichotaka. Nikasema moyoni, haya, shauri yenu. Kadi zikatoka, zikakatwa, zikapigwa laminesheni, ile plastiki ya kuzifunika, na chini ya taa ya dukani zilionekana si mbaya. Afisa akazibeba kwenye boksi zikiwa bado na joto la mashine.

Shauri yenu! Sikujua kwamba ni shauri la mama.

Msimu ulipoanza mama alinipigia simu. Hakusalimia vizuri, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniuliza kama huku Jinja kuna dawa ya macho ya wazee.

"Macho yangu imeisha, mwanangu," akasema. "Rangi sioni tena."

Alikuwa ameshakwenda kliniki ya macho mjini Mbale. Muuguzi alimsomesha herufi ukutani, akamwonyesha vijitabu vya rangi, akamwambia mama unaona kuliko mimi, rudi nyumbani. Mama hakumwamini. "Yule aliangalia herufi," aliniambia. "Hakuangalia kahawa."

Na mimi, mtoto wake, sikumwamini muuguzi pia. Nilimhurumia mama. Nilinunua dawa ya matone nikampa dereva wa teksi ya Mbale aifikishe, nikawaambia wenzangu dukani kwamba uzee umemfikia mama yangu, wakanipa pole, nikazipokea. Majuma mawili mazima nilitembea na zile pole. Nikizikumbuka leo natamani kumrudishia kila mtu yake.

Nilipopata ruhusa nikapanda kwenda kumwona. Nilimkuta anajiandaa kwenda kituoni, kikapu kimejaa. Niliangalia ndani. Kahawa ilikuwa nzuri, nyekundu, ngozi imejaa, ile hasa ya "leo ndiyo". Nikamwambia, mama, mbona hii ni safi? Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi naye macho yameniishia.

"Ngoja utaona," akasema.

Kituoni kulikuwa na foleni. Wengi walikuwa wanawake wa huku juu, na wengine vibarua waliopanda kutoka mtaa wa Namatala huko mjini kuchuma mashamba ya watu. Karani wa zamani hayupo. Kwenye mzani alisimama mwanajeshi mstaafu, mtu mrefu wa kaskazini, shati limenyooshwa, na watu wote wanamwita afande. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri, na shingoni amevaa amri yenyewe, kwenye kamba, imepigwa laminesheni.

Niliitambua kutoka mbali kabla ya kuisoma. Mtu huijua kazi yake hata ikiwa imechakaa. Kwenye jua lile la mlimani, mraba wa nne, wa kahawa iliyoiva, ulikuwa umelala karibu kabisa na mraba wa tano, wa iliyopitiliza. Ni ndugu wawili waliofanana. Damu ilinichemka hadi masikioni.

Zamu ya mama ikafika. Afande akaishusha kadi juu ya kikapu, akainama, akachukua tunda moja, akaliweka kwenye mraba wa nne, likaonekana changa kando ya wino ule uliokolea, akatikisa kichwa.

"Mama, hii bado. Tena umeleta bado. Juzi nakwambia, leo tena."

"Mimi naona iko tayari, afande," mama akasema, polepole.

"Wewe naona, lakini kadi nasema bado. Enda ngojea siku tatu. Ikikuwa kama hii, unaleta."

Nyuma yetu mmoja wa wale vibarua akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wazee wawaachie vijana kazi, na wenzake wakacheka. Mama, ambaye miaka yote kikapu chake hakikukaguliwa, akainama kukibeba. Mama yangu, mwenye mdomo wake ule, hakujibu!

Nikarukia mbele. Kiswahili changu chote kizuri kilikimbia.

"Afande, hii kadi ni mbaya! Nakataa! Hii nyekundu imekufa. Ukingojea siku tatu kahawa naoza kwa mti!"

"Wewe ni nani?" akaniuliza bila hasira.

"Mimi ndiye nilitengeneza hii kadi! Kwa mikono yangu! Jinja!"

Afande akaitazama kadi, akanitazama mimi, akafikiri kwa haki kabisa, naona bado uso wake ukifikiri.

"Sasa, dada," akasema, "kama ni wewe ulitengeneza, si wewe ndiyo najua iko sawa?"

Jibu la swali hilo nalitafuta hadi leo. Nyuma yake kulikuwa na magunia ya kahawa iliyokubaliwa, na harufu yake ilitufikia pale tuliposimama, harufu ya uchachu ya matunda yaliyongojewa mpaka yakapita. Mlima mzima ulikuwa unangojea siku tatu. Walioshindwa kuvumilia walikuwa wanaokota yaliyoanguka chini. Mama yangu alikuwa mmoja wa wachache walioendelea kuleta kahawa nzuri, na kwa ajili hiyo ndiye aliyeitwa kipofu.

Tuliporudi, mama alitembea mbele na kikapu kichwani. Alikataa nimpokee. Nilimweleza yote njiani, ya mwanga na ya wino, nikiongea na mgongo wake. Kuhusu kidole gumba, kuhusu Haji na swala, kuhusu afisa na simu yake. Nilitaja makosa ya kila mtu, na nina uhakika niliyatia chumvi.

Akasimama. "Kwa hiyo kompyuta ilikosea."

"Hapana, mama. Kompyuta ilifanya ilichoambiwa."

"Na wewe uliona?"

Ningeweza kudanganya. Pale njiani hapakuwa na shahidi, na mama angeupokea uongo wangu kwa furaha kuliko ukweli.

"Niliona," nikasema.

Alikiweka kikapu sawa kichwani akaendelea kupanda, na mimi nikabaki na hasira ambayo haikuwa na mtu mwingine wa kumwangukia.

Nilirudi Jinja nikagombana na kila aliyenikaribia. Haji alisema mteja aliidhinisha. Nikamwambia, Haji, mteja aliidhinisha taa. Akasema nisipandishe sauti dukani kwake, nikapandisha. Mwisho akaniacha na mashine, nadhani ili duka lake lipate amani. Nikachapa karatasi kubwa yenye miraba arobaini ya nyekundu, kila mmoja na mchanganyiko wake, nikaandika namba ndogo chini ya kila mraba, nikaibeba mwenyewe hadi Wanale.

Nikaitandika chini, kando ya mti wa kahawa, mchana, jua likiwa kali. Sikumwambia lolote. Mama alikwenda kwenye mti, akaja na tunda, akapiga magoti, akalipitisha juu ya karatasi mara moja tu, kama anavyopitisha mkono juu ya mchele kuutafutia mawe, akalishusha.

"Hapa."

Ulikuwa mraba usio na sayani hata chembe. Majenta imejaa, njano imepungua kidogo, nyeusi hakuna. Nilimwambia aangalie tena. Akaleta matunda mengine matatu kutoka miti tofauti, na yote akayaweka pale pale. Tunda likilala juu ya ule mraba lilipotea kingo. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Afisa wa kampuni alikataa kwanza kuchapisha kadi nyingine. Akanitolea ile simu yake, picha bado anayo, akasema mbona hapa iko sawa? Nikaiweka simu mezani, nikaiweka kadi yake ya zamani kando, nikatoa tunda la mama kwenye jani la mgomba na kuliweka katikati. Nikamwambia achague kipi kati ya hivyo vitatu kinakua kwenye mti. Akalinyooshea kidole tunda. Nafikiri kilichomshawishi zaidi ni kwamba wenye kiwanda wanaopokea kahawa yake walikuwa wameshaanza kulalamikia ladha ya uchachu, lakini acha nijipe sifa kidogo. Kadi mpya zikachapwa. Safari hii nilizitoa nje kwenye jua, moja baada ya moja, mbele ya Haji, na Haji alichelewa popote alipokuwa anakwenda.

Afande alizipokea. Alivua ile ya zamani shingoni, akavaa mpya, akauliza tu kama hii nayo nimeitengeneza mimi. Kikapu cha mama kikapita siku hiyo hiyo. Watu waliniambia asante, mmoja akanipa mkungu wa ndizi. Nilidhani imekwisha.

Kabla ya kurudi Jinja nilikwenda shambani kumsaidia kuchuma. Nilianza kumweleza habari za mjini, nikimtarajia anigeukie aniulize nimekula nini. Hakunigeukia. Alikuwa amesimama karibu kabisa na tawi, uso ndani ya majani. Alichomoa kitu kwenye fundo la leso yake, akakiweka kando ya tunda, akakodoa, akachuma hilo moja. Kisha akakisogeza kwenye tunda la pili, akakodoa, akachuma. Ilikuwa kadi. Afande alimgawia moja katika zile mpya, kwa heshima.

"Mama," nikasema, "hiyo kadi ni wewe uliyeichagua. Rangi hiyo ni ya macho yako. Iweke kando."

"Najua, mwanangu."

Kikapu kilikuwa hakijafika hata robo, na jua lilikuwa limeshapanda. Akalishika tunda la tatu, tunda ambalo hata mimi nililiona limeiva, akalisogezea kadi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nisije nikakosea tena."